Upande wa Pili wa Ufunguo

Sehemu ya Tisa

"Umeona nini?"

Swali hilo ndilo tuliloliacha likining'inia wiki iliyopita, msomaji wangu, na Binti amekaa nalo siku saba nzima bila kulijibu. Leo hana tena pa kujificha.

Yuko pale pale tulipomwacha, kati ya jiliwa la kubania chuma na mlango wa karakana, simu mkononi, midomo imemkauka. Mbele yake amesimama baba yake, fundi wa vitasa na funguo, ambaye mtaa mzima unamwita Milimita kwa sababu hajawahi kukubali kazi iliyopotoka hata kwa unene wa unywele.

"Nimekuuliza, mwanangu. Umeona nini humo?"

"Ufunguo wa stoo, baba. Ule wa Shangazi."

Milimita aliweka tupa yake ya kusugulia chuma chini, polepole.

Kwa anayelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, habari ni hii. Siku tano zilizopita stoo ya dawa ya hospitali ilikutwa wazi. Kitasa hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Maboksi manne ya dawa ya usingizi, ile wanayochomwa wagonjwa kabla ya kupasuliwa, yalikuwa yametoweka, na tangu siku hiyo chumba cha upasuaji kimefungwa. Ufunguo wa kitasa kile ni mmoja tu. Unaning'inia shingoni mwa mtunza stoo, ambaye ni dada yake Milimita. Aliyeuchonga ni Milimita mwenyewe.

Basi kaka anaamini dada aliuazimisha. Dada anaamini kaka alichonga wa pili. Siku tano hawajasalimiana.

Na leo saa nne Shangazi anasimama mbele ya wakubwa wa hospitali. Akishindwa kujieleza, kazi ya miaka kumi na tisa imekwisha, na polisi watamchukulia mlangoni.

Saa ya ukutani ilikuwa inasema saa mbili na robo.

"Ufunguo huo uko shingoni mwa shangazi yako," alisema Milimita. "Wewe umeuona wapi?"

"Uko hapa." Binti akamgeuzia simu.

Ilikuwa picha. Ufunguo umelazwa juu ya ubao mweusi, na chini yake rula ya chuma iliyokazwa kwa skrubu nne. Hakuna ufunguo uliopata kutoka karakana ile bila kulazwa juu ya ubao ule. Mteja alikuwa anaazimwa miwani ya fundi na kuambiwa asome vipimo mwenyewe. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari ya Milimita. Na Binti, alipofungua ukurasa wa karakana mtandaoni miaka miwili iliyopita, aliona hakuna picha itakayowavuta watu kama hiyo.

"Picha nzuri," alisema baba. "Ubao wangu unapendeza."

"Baba, itazame rula."

"Naiona."

"Kila jino linasomeka. Kimo chake, na umbali wake na jino la pili."

Mzee aliinamia simu. Kisha akacheka, lakini kicheko chenyewe hakikufika machoni.

"Ufunguo hauchongwi kwa picha, mwanangu! Mtu akitazama picha ya moto atapata joto?"

"Jaribu, basi."

"Nijaribu nini?"

"Picha ya kwanza kabisa niliyoweka ni ya ufunguo wa kufuli la mlango huu wetu. Chonga kwa picha. Usiutazame ule wa mfukoni."

Milimita hakuwa mtu wa kuachia changamoto. Alitoa ufunguo wake mfukoni, akamkabidhi Binti. "Ushike wewe, usije ukasema nimechungulia." Akachukua ufunguo mpya usio na meno, akaukaza kwenye jiliwa. Akavuta picha kwa vidole viwili, ikakua. Akaandika namba kwenye kipande cha karatasi: tatu na nusu, tano, mbili, nne. Tupa ikaanza kulia.

Ilimchukua dakika kumi na nane.

Wakatoka nje. Milimita akafunga mlango, akabana kufuli, akaingiza ufunguo aliozaa kwenye simu.

Kufuli likafunguka kwa sauti ile ile ya kila asubuhi.

Mzee alikaa kwenye ngazi ya mlango. Mpita njia akamsalimia, hakuitikia.

"Ziko ngapi?"

"Baba…"

"Picha. Ziko ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Za hospitali?"

"Saba."

"Futa! Futa zote sasa hivi!"

"Nikifuta, Shangazi ataokolewa na nini? Huo ndio ushahidi wetu pekee."

Milimita alisimama, akakaa tena. "Nilikuambia mimi! Kazi ya fundi ni siri! Nikakuambia huo mtandao wako…"

"Uliniambia?" Sauti ya Binti ilipanda. "Gari la wagonjwa lilipojifunga mwaka jana, funguo ndani, mgonjwa ndani, nani aliniambia, 'Haraka, nitafutie video'? Kitasa kile ulikuwa hujawahi kukiona. Fundi wa mbali huko, hata lugha yake hatuijui, alikuonyesha kwa dakika nne. Mgonjwa akatoka anapumua. Hospitali ilitujua siku ile, baba. Kabla ya hapo tulikuwa tunachonga funguo tatu kwa wiki."

Mzee alilitazama kufuli mkononi mwake.

"Nilijifunza kwa yule," alisema mwishowe. "Na huyu mwizi amejifunza kwetu."

"Kuna kingine, baba."

"Bado kipo?"

"Siku ile ile niliyoweka picha ya ufunguo wa stoo, mtu mmoja aliandika chini yake. Anajiita Mpenda Kazi. Hana sura, ameweka picha ya ua. Aliandika, 'Kazi safi! Tuonyesheni na upande wa pili.'"

"Ukamwonyesha?"

"Nilifikiri ni mteja. Nikaweka picha ya pili, nikamjibu kwa moyo."

"Moyo gani?"

"Kichoro, baba. Kichoro cha moyo. Ni kama kusema asante."

"Mwizi kaomba ufunguo," alisema Milimita, "wewe ukampa na moyo juu yake!"

Wakati mwingine wowote wangecheka. Binti alianza kulia.

Milimita alivaa koti. Ule ufunguo aliouchonga kwa picha akautia mfuko wa kifuani.

"Twende. Nitasema mimi. Ubao ni wangu."

"Picha ni yangu."

"Tutasema wote, basi. Na baada ya leo hakuna mtu atakayeleta kitasa kwa fundi aliyeanika milango ya watu mtandaoni. Unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Haya. Futa machozi. Saa nne haitungoji."

*

Ofisi ya Katibu wa hospitali ilikuwa na meza ndefu, jagi la maji ambalo hakuna aliyeligusa, na feni iliyokuwa inazunguka na kulalamika. Nyuma ya meza walikaa watatu.

Katibu mwenyewe, mtu mwembamba aliyefunga vifungo vya shati hadi cha shingoni, alikuwa na jalada mbele yake na simu juu ya jalada. Metroni, mkuu wa wauguzi, alikuwa na mkoba mapajani, mikono yote miwili ndani yake kama anatafuta kitu ambacho hakipatikani. Mganga Mkuu alishika simu yake. "Mniwie radhi," alisema, "nasubiri habari kutoka wodini."

Shangazi alikuwa amesimama. Hakuna aliyempa kiti. Simu yake mwenyewe ilikuwa mezani ndani ya bahasha, imezimwa. Walimnyang'anya tangu siku ya kwanza.

Alipomwona kaka yake, alikunja mikono kifuani.

"Haya, kaja. Mwulizeni yeye! Mimi meno ya ufunguo siyajui. Mimi najua kufungua na kufunga."

"Mama, punguza sauti," alisema Metroni.

"Nimeipunguza miaka kumi na tisa."

Milimita alikohoa kidogo. "Daktari, mimi na binti yangu tumekuja kusema jambo kuhusu ufunguo ule."

"Utalisema, fundi. Kwanza nisikilize mimi." Mganga Mkuu aliinama mbele. "Dakika chache zilizopita tumeamua jambo humu ndani, sisi watatu, na halijatoka nje ya mlango huu. Dawa zilizobaki hazirudi stoo. Zinahamia kabati la maabara. Utaweka kitasa kipya leo, ufunguo mmoja, na utauleta mkononi mwangu. Hata walinzi hawajui. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Katibu, endelea. Fundi atazungumza ukimaliza."

Katibu akafungua jalada, akaanza kusoma mashtaka ya Shangazi kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitanda. Kitasa hakikuvunjwa. Ufunguo ni mmoja. Mshtakiwa amekiri kwamba haujawahi kutoka shingoni mwake.

"Hata kuoga naoga nao," alisema Shangazi.

"Hilo linakuumiza, mama, halikusaidii," alijibu Katibu bila kuinua macho. Akageuza ukurasa, akaendelea. Feni ikawa inazunguka. Mganga Mkuu akatazama simu yake, akaandika kitu. Metroni akakohoa ndani ya mkoba.

Katibu alipofika mwisho, Binti alisimama. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: *Mwacheni shangazi yangu, kosa ni langu.*

Simu ikamtikisika kiganjani.

Alitupa jicho, jicho moja tu, ili aizime.

Mpenda Kazi ameandika: "Ule mpya wa kabati la maabara mkiumaliza leo, tuwekeeni picha kama kawaida. Pande zote mbili."

Msomaji, nenda nami taratibu hapa. Habari ya kabati la maabara ilizaliwa ndani ya chumba kile. Ilikuwa haijatimiza nusu saa. Walioijua ni Mganga Mkuu, Metroni na Katibu. Shangazi naye alisikia, lakini simu yake ilikuwa ndani ya bahasha, imekufa.

Binti aliinua macho. Katibu alikuwa analaza simu juu ya jalada lililofungwa. Metroni alikuwa anafunga zipu ya mkoba. Mganga Mkuu aliigeuza simu yake, kioo kikaangalia meza.

Mmoja wao!

"Binti," alisema Katibu, "naona umesimama. Ulitaka kusema?"

Alifungua mdomo. Akisema ukweli wote sasa, Shangazi anatoka mlangoni huru. Lakini aliyeandika ujumbe ule atausikia ukweli huo akiwa amekaa kwenye kiti chake, atalifuta lile ua na jina lake la Mpenda Kazi kwa kidole kimoja, na hakuna atakayemjua tena. Akinyamaza, polisi wanamchukua dada wa baba yake.

Akaketi. Chini ya meza akamsogezea baba yake simu.

Milimita alitazama chini, akaona ukungu. Akaanza kutafuta miwani. Haikuwamo mfukoni mwa shati. Haikuwamo mfukoni mwa koti. Akautoa ule ufunguo, akaurudisha haraka, akatoa tupa ndogo, akatoa kitambaa.

"Fundi, umepoteza kitu?" aliuliza Metroni.

"Macho yangu, mama."

Miwani ilipatikana juu ya paji la uso wake. Akaishusha. Akasoma.

"Tunasubiri," alisema Katibu. "Binti alitaka kusema nini?"

Binti alihisi kiatu cha baba kinamkanyaga mguu, kwa uzito wote.

"Anataka kujua," alisema Milimita, "maabara iko ghorofa ya ngapi. Tuna vifaa vizito."

"Ya pili. Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Na lile jambo lako kuhusu ufunguo?" aliuliza Mganga Mkuu.

"Nilitaka kusema kwamba kazi ile niliifanya sawasawa. Nikiulizwa popote, nitasema hivyo." Akaisukuma miwani juu. "Daktari, huyu mama hamwezi kumsubirisha? Hata hadi kesho?"

"Ningependa. Lakini nina wagonjwa kumi na mmoja wanaosubiri kisu na dawa hakuna. Polisi wako nje, fundi."

Shangazi aliishusha mikono kutoka kifuani.

"Kaka," alisema, na sauti yake sasa ilikuwa ndogo kweli. "Umekuja hapa kwa ajili ya kabati?"

"Nimekuja kwa kazi, dada."

"Husemi kitu?"

Milimita aliitazama feni.

Shangazi alivua kamba shingoni. Ilikuwa imeacha mstari mweupe kwenye ngozi. Akaulaza ufunguo mezani mbele ya kaka yake, taratibu, kama anayemwandalia mgeni.

"Chukua. Ule wako wa pili upate mwenzake."

Askari alikuwa tayari amefungua mlango.

*

Binti alivumilia hadi kwenye korido.

"Umemwuza dada yako! Umemtoa kafara mbele ya macho yangu!"

"Punguza sauti."

"Sipunguzi! Ulisema tunaenda kusema!"

Milimita alimvuta hadi nyuma ya toroli la mashuka machafu. Macho yake yalikuwa mekundu. Siku ile ndipo Binti alipoona jinsi baba yake alivyozeeka.

"Sikiliza, mwanangu. Ningesema mle ndani, mwizi angekuwa wa kwanza kunipa mkono na kunishukuru. Dada yangu angetoka leo, na yule angebaki ofisini. Siku atakayoiba tena watarudi kwa nani?"

"Tumwambie Mganga Mkuu peke yake, basi. Huyo ni daktari."

"Una hakika si yeye? Alikuwa anaandika kwenye simu. Uliona."

Binti hakuwa na hakika. Wala mimi sikusukumi umhukumu yeyote sasa, msomaji. Wote watatu walikuwa na simu.

"Kwa hiyo Shangazi alale mahabusu?"

"Hadi atakapojileta mwenyewe huyu anayependa kazi. Na atajileta. Ameshaagiza."

Saa sita mchana kitasa kipya kilikuwa mlangoni mwa kabati la maabara, na ufunguo wake wa kweli ulikuwa mkononi mwa Mganga Mkuu. Aliupokea bila kuutazama, akautumbukiza mfukoni.

Saa saba Milimita alikuwa amerudi kwenye jiliwa lake, anachonga ufunguo wa pili.

"Ule wa kwanza hakuna mtu atakayeutumia kuiba," alisema huku tupa inalia. "Hata aliyeushika. Ufunguo ukitumika wakati umo mfukoni mwako, wewe ndiye wa kwanza kuulizwa. Mwizi huyu anataka ufunguo usio na mwenyewe. Anataka wa picha."

"Na huu?"

"Huu jino la tatu nimelishusha milimita moja. Na ndani ya kitasa nimeweka springi yangu. Ufunguo wa kweli unaingia na kutoka. Utakaochongwa kwa picha ya huu wa uongo utaingia vizuri, mwenyewe atafurahi. Kutoka hautatoka. Atauvuta hadi alie. Kitasa hakitafunguka, na ufunguo utabaki pale kama ulimi uliong'atwa. Na mimi, nikionyeshwa ufunguo wowote, namjua fundi aliyeuchonga kwa mikwaruzo ya tupa yake. Fundi atamtaja mteja."

Alipuliza vumbi la chuma. Akauendea ubao mweusi.

Pale alisimama. Miaka thelathini na moja ubao ule ulikuwa umebeba funguo, na kila kilichosomeka juu yake kilikuwa kweli. Binti aliuona mkono wa baba unakwenda, unarudi.

"Baba, nikulazie mimi?"

"Hapana. Uongo wangu nitaulaza mwenyewe."

Akaulaza. Binti akapiga picha. Akaandika maneno yale yale ya siku zote: *Kazi mpya kutoka kwa Milimita. Ubora unaopimika.* Kidole kikabaki hewani.

"Shangazi yuko mahabusu kwa ajili yetu," alisema. "Hata hajui."

"Weka."

Akaweka.

Wakakaa wawili, simu katikati ya meza, kando ya kamba ya Shangazi na ufunguo wa stoo. Nje mtu alikuwa anapiga honi bila sababu. Picha ikapata sifa moja, ya mteja mmoja wa zamani. Ikapata ya pili.

Dakika ya nne, simu ikatikisika.

Mpenda Kazi: "Kazi safi sana! Na upande wa pili?"

Milimita alinyoosha vidole viwili vyeusi kwa vumbi la chuma, akaushika ufunguo wa uongo, akaugeuza.

"Piga," alisema.